Pasipoti Lubumbashi: fuata faili lako dirisha kwa dirisha

Nina kibanda cha fotokopi na kuchapa karatasi, na karibu kila Jumatatu asubuhi kuna mtu anasimama mbele yangu na mfuko wa plastiki uliojaa vyeti vilivyokunjwa. Swali lake nalijua kabla hajafungua mdomo: "Yaya, pasporo inapitaka wapi?" Mara nyingi ameshakwenda ofisini mara mbili na kurudishwa mara mbili, na sasa kuna komisioneri, yaani dalali wa karatasi, amemwambia kwamba bila mtu wa ndani hapati kitu.

Mtu wa ndani humhitaji. Unachohitaji ni kujua kazi inavyogawanywa humo ndani. Ofisi ya pasipoti ni mnyororo wa meza, na kila meza ina swali moja tu la kukuuliza. Anayerudishwa mara nyingi amebeba jibu la meza ya tatu akalitoa kwenye meza ya kwanza. Nitakupitisha meza hizo moja baada ya nyingine, kwa mpangilio ambao faili lako linazifuata.

Kwanza jua mlango ni wa nani

Pasipoti ya Kongo inatolewa na Wizara ya Mambo ya Nje. DGM, idara ya uhamiaji, wale unaowakuta mpakani Kasumbalesa na kwenye uwanja wa ndege wa Luano, kazi yao ni kukagua anayeingia na anayetoka. Hawatoi pasipoti. Cheti cha kuzaliwa kinatoka etasivili, yaani ofisi ya komini yako (sehemu ya mji, kama Kenya, Ruashi au Kampemba), ambako bugumesta, mkuu wa komini, ndiye afisa wa kuandikisha raia. Cheti cha uraia ni kazi ya Wizara ya Sheria. Kwa hiyo afisa wa pasipoti hawezi kukurekebishia cheti cha kuzaliwa hata akikuonea huruma, na kumlilia dirishani ni kupoteza zamu yako.

Hatua ya 1: nyumbani, karatasi zote na jina moja

Hatua hii ndiyo inayoangusha watu wengi, kwa hiyo nitakaa hapa muda mrefu.

Sisi tunabeba jina, postinomu (jina la pili) na prenomu (jina la ubatizo). Majina mengi ya babu zetu yaliandikwa kwanza na makarani na mapadri waliosikia kwa sikio la Kifaransa, ndiyo maana utakuta ndugu wa tumbo moja, mkubwa anaandikwa Ngoy na mdogo Ngoie. Mwamba wa Katuba aliandikwa Muamba shuleni. Mtaani hakuna anayejali, wote wanaitika. Lakini kompyuta inahesabu herufi, na kwake Ngoy na Ngoie ni watu wawili.

Tandika karatasi zote mezani: cheti cha kuzaliwa, kadi ya mpiga kura (ambayo kwetu inashika nafasi ya kitambulisho kwa muda), pasipoti ya zamani kama ipo, na diploma kama safari ni ya masomo. Mwite mtu wa pili. Mmoja asome herufi moja moja kwa sauti kutoka cheti cha kuzaliwa, mwingine afuate kwa kidole kwenye kadi. Msisome neno zima, kwa sababu jicho linalolijua jina linaruka kosa. Someni M, U, J, I, N, G, A. Kisha tarehe ya kuzaliwa, kisha mahali, kisha jina la baba na la mama.

Nasema hivi kwa sababu ya mdogo wangu wa kike. Cheti chake kilisema Mujinga, kadi ikasema Mujing. Herufi moja imeanguka mwishoni, na mimi mwenyewe nilikuwa nimefotokopia zote mbili bila kuona. Kama lingekuwa jina lisilo na maana, afisa angeweza kusema ni kosa la kuchapa. Lakini Mujing ni jina halisi la Waruund, na Mujinga ni la Waluba, kwa hiyo mbele yake palikuwa na majina mawili yaliyo kamili. Alituambia kwa upole: "Mama, iyi jina haiko sawa na ya ku kadi." Faili likarudi nasi nyumbani. Nafasi ya masomo haikutungoja.

Ukikuta tofauti, tafuta mzizi wake. Kama cheti cha kuzaliwa ni sahihi na kadi ndiyo yenye kosa, cheti kinakubeba, lakini uliza kwanza ofisi itataka nini cha kuthibitisha kwamba ni mtu mmoja. Kama cheti chenyewe ndicho kilichokosea, hakuna njia ya mkato. Kirekebishwe kilikotoka.

Na kama huna cheti kabisa? Sheria ya familia, ile ya 1987 iliyorekebishwa mwaka 2016, inawapa wazazi siku 90 tangu mtoto azaliwe kumwandikisha. Zikipita, etasivili haimwandiki tena bila hukumu ya mahakama, ile inayoitwa jugement supplétif. Mtu mzima anaiomba Mahakama ya Amani, tunayoiita Tripaix, na mtoto anaombewa kwenye mahakama ya watoto. Mpangilio hauna mchezo: hukumu kwanza, kisha etasivili iandike kwa msingi wa hukumu, ndipo uguse mlango wa pasipoti. Nimeona watu wanalipia pasipoti kwanza ili "mambo yaanze kutembea". Pesa inakaa benki, mambo hayatembei.

Usifanye laminashoni ya cheti chochote. Karatasi iliyofunikwa plastiki haionyeshi mhuri vizuri, na afisa ana haki ya kuikataa.

Hatua ya 2: fomu na pesa

Fomu ijaze kwa herufi kubwa, kwa kunakili kutoka cheti cha kuzaliwa na si kutoka kichwani. Ukisaidiwa na mtu wa saiberi, soma kwenye skrini kabla hajabonyeza kutuma. Anajaza fomu nyingi kwa siku na jina lako halijui.

Malipo yanapita benki, unapewa borderó, yaani risiti ya benki. Jina kwenye borderó liwe la mwenye pasipoti, si la mjomba aliyetoa pesa. Piga fotokopi mbili siku hiyohiyo, maana wino wa karatasi zile unafifia kwa jua la hapa. Bei imebadilika mara kadhaa: pasipoti ya kibayometriki iliyoanza mwaka 2015 ilikuwa dola 185, mwaka 2020 ikashushwa hadi dola 99, na ile mpya ya mwaka 2025 ilitangazwa kwa dola 75. Anayekutajia bei ya zamani, au bei "ya haraka" isiyobandikwa ukutani, anakutajia bei yake mwenyewe.

Hatua ya 3: meza ya mapokezi

Swali la meza hii: je, karatasi zimetimia?

Basi. Anayekaa hapa anahesabu. Anaangalia orodha yake, anaweka alama, anakupa namba au anakurudishia. Hana mamlaka ya kuamua kama wewe ni raia, hana habari kama pasipoti yako itatoka lini. Ukimweleza historia ya ukoo wako unamchelewesha yeye na watu themanini walio nyuma yako. Panga karatasi kwa mfuatano wa orodha iliyobandikwa, asili juu na fotokopi chini yake, na umwachie. Orodha hiyo isome siku moja kabla, kwenye ubao wa ofisi yenyewe, kwa sababu inabadilika.

Mwenye mtoto mdogo achukue idhini ya wazazi na vitambulisho vyao. Baba akiwa Kolwezi kazini na mama yuko hapa peke yake, idhini ya baba iandaliwe kwa maandishi mapema. Simu haitoshi.

Hatua ya 4: uhakiki

Swali: je, huyu ni Mkongomani, na ndiye anayesema kuwa ndiye?

Ofisi iliyopangwa vizuri haimruhusu mtu wa mapokezi kufanya uhakiki pia. Aliyepokea faili hatoi idhini, na anayetoa idhini hashiki vitabu vitupu, yaani vitabu vya pasipoti ambavyo havijachapwa jina. Wengine wanaona huu ni urasimu wa kuwachosha watu. Mimi nauona kuwa ndiyo uti wa mgongo wa ofisi, kwa sababu mtu mmoja akishika hatua zote, inatosha kumnunua huyo mmoja, na siku hiyo pasipoti zetu zote zinakosa heshima kwenye viwanja vya ndege vya wengine.

Afisa analinganisha asili na fotokopi, anatazama mihuri, anaweza kukuuliza maswali: umezaliwa wapi, mama yako anaitwa nani, ulisoma wapi. Jibu kwa ufupi na kwa yale yaliyo kwenye karatasi. Sheria anayoisimamia ni ile ya Novemba 2004 kuhusu uraia, pamoja na Kifungu cha 10 cha Katiba ya 2006: uraia wa Kongo ni mmoja na hauchanganyiki na mwingine. Lubumbashi ni mji wa mpakani, familia nyingi zina mguu mmoja Zambia, na jina la Kibemba au la Kilamba linaweza kukuletea maswali zaidi. Usikasirike. Hapo ndipo cheti cha uraia kinapokuokoa. Kama unajua historia yako ina pande mbili, kiombe mapema hata kama hujaambiwa.

Hatua ya 5: chumba cha picha

Swali: je, mwili huu ni wa faili hili?

Pasipoti za leo zinafuata viwango vya ICAO, shirika la usafiri wa anga la Umoja wa Mataifa. Picha ya uso ndiyo lazima kwa kila nchi, na alama za vidole kila nchi inaamua. Yetu inachukua vyote. Uso utulie, macho wazi, mdomo umefungwa, nywele zisifunike nyusi. Shati jeupe kwenye ukuta mweupe linakufanya uonekane kichwa kinachoelea, basi vaa rangi.

Vidole vinahitaji maandalizi, na hili watu hawaambiwi. Katika mji huu kuna wachimbaji, mafundi magari, waashi, na mama wanaofua kila siku. Mikono inakwisha, mistari ya vidole inafutika, na mashine inakataa mara tatu, mara nne, huku foleni inanung'unika. Wiki moja kabla pumzisha mikono kadiri unavyoweza, saruji na mafuta ya gari viwe mbali. Usiku paka mafuta ya mgando. Asubuhi ya siku yenyewe nawa kwa sabuni na usipake kitu, kwa sababu mafuta yanateleza kwenye kioo. Vidole vikiwa vikavu mno, mwombe afisa akuruhusu uvipumulie pumzi ya moto kidogo. Baba mmoja fundi tofali alirudi kwangu akisema mashine "imekataa kuwa yeye ni mtu". Alipumzisha mikono siku tisa, akarudi, ikapita mara ya kwanza.

Kabla hujaondoka kwenye kiti, afisa anakuonyesha data zako kwenye skrini au kwenye karatasi ya kusaini. Hapa ndipo mahali pa mwisho ambapo kosa linarekebishwa bila gharama. Usiseme "iko bien" kwa haya ya foleni. Toa cheti chako cha kuzaliwa, weka kidole, soma herufi kwa herufi kama mlivyofanya nyumbani. Angalia siku na mwezi havikubadilishana. Angalia postinomu haikumezwa na jina. Ukishasaini, kosa ni lako pia.

Hatua ya 6: nyuma ya ukuta

Kuanzia hapa humwoni mtu, ndiyo maana uvumi unaingia. Kinachotokea ni hiki. Data zako zinatumwa Kinshasa, zaidi ya kilomita 1500 kutoka hapa. Huko zinakaguliwa, zinaidhinishwa, kitabu kinachapwa, chipu inaandikwa na kutiwa sahihi ya kidijitali ya nchi, kisha mtu mwingine anakagua kama kitabu na chipu vinasema kitu kimoja. Vitabu vitupu vinahesabiwa kimoja kimoja kwa namba, hata vile vilivyoharibika, kwa sababu kitabu kitupu kilichoibwa ni hatari kuliko pasipoti iliyopotea. Ndipo vinafungwa na kurudishwa huku.

Ukielewa hivyo, utaelewa kwa nini afisa wa hapa, hata akitaka, hawezi kukuchapia pasipoti jioni.

Kumbuka pia saa. Lubumbashi iko mbele ya Kinshasa kwa saa moja. Hapa ikiwa saa mbili asubuhi, Kinshasa ni saa moja na ofisi bado zimefungwa. Ukitaka mtu aulizie faili lako huko, usiwe wa kwanza dirishani alfajiri. Nenda saa nne. Na jioni usikate tamaa mapema, kwani hapa watu wakifunga, Kinshasa bado wana saa moja ya kazi.

Ukija kuulizia, njoo na namba ya faili, si na jina. Uliza swali moja: "Faili langu liko kwenye hatua gani?" Hilo lina jibu. "Kwa nini imekawia?" halina, kwa sababu anayesimama mbele yako siye aliyelishika. Na usifungue faili la pili kwa siri ukidhani litawahi. Vidole vyako ni vilevile, mfumo ukivikuta mara mbili unaweza kusimamisha vyote hadi mtu achunguze.

Hatua ya 7: kuchukua

Swali la dirisha la mwisho: je, anayechukua ndiye mwenyewe? Njoo na risiti na kitambulisho. Unasaini daftari. Kabla hujasaini, fungua ukurasa wa picha palepale.

Soma juu, kisha soma ile mistari miwili ya chini yenye alama nyingi za <. Kila mstari una herufi 44. Wa kwanza unaanza na P, kisha COD, alama ya nchi yetu, kisha majina. Usishtuke kuona jina limevuliwa mapambo: aksenti hazipo, na alama ya ng' inaondolewa, kwa hiyo Ng'andu anakuwa NGANDU. Tiketi ya ndege iandikwe kama mstari huo unavyosema.

Mstari wa pili una namba ya pasipoti, tarehe yako ya kuzaliwa, jinsia na tarehe ya mwisho. Baada ya kila tarehe kuna tarakimu moja ya ziada, na unaweza kuihakiki kwa kalamu. Chukua aliyezaliwa 12 Aprili 1985. Tarehe yake inaandikwa 850412. Zidisha tarakimu kwa 7, 3, 1, 7, 3, 1 kwa zamu: 56, 15, 0, 28, 3, 2. Jumla ni 104. Gawanya kwa 10, kinachobaki ni 4, kwa hiyo utakuta 8504124. Mashine ya mpakani inafanya hesabu hiyohiyo. Tarakimu hiyo haikuambii kama tarehe ni yako kweli, inaambia tu kwamba imesomwa bila kukosewa. Tarehe yenyewe linganisha na cheti.

Ukikuta kosa, usiondoke na kitabu ukisema utarudi kesho. Mwonyeshe afisa hapohapo, aandike. Ukiondoka na kurudi, utaanza kujieleza upya.

Tarehe ya mwisho iandike ukutani nyumbani, kisha utoe miezi sita. Nchi nyingi hazikupokei kama pasipoti imebakiza chini ya hapo, hivyo anayesafiri kununua mali Dubai au Guangzhou aanze faili jipya mapema zaidi ya anavyodhani.

Ikipotea, nenda polisi siku hiyohiyo upate karatasi ya kutangaza upotevu, kisha rudi ofisi ya pasipoti na fotokopi uliyoweka nyumbani. Namba yake inaweza kuingizwa kwenye hifadhi ya Interpol ya hati zilizopotea na kuibwa, inayofanya kazi tangu 2002. Hata ukiiokota wiki mbili baadaye chini ya godoro, usisafiri nayo: mpakani itasomeka kama hati iliyoibwa, na wewe ndiye utakayekuwa umeishika. Irudishe ofisini, wape fotokopi ya karatasi ya polisi, na uchukue risiti ya kuirudisha.